Kuzuia Kutu Isile Chesisi ya Fowili Kuukuu: Mwongozo Kamili kwa Wenye Magari Unguja na Pemba

Kila masika yakimalizika maswali yanarudi yale yale. Gari lilipakwa rangi nyeusi chini mwaka jana, likapendeza, na sasa fundi anasema chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, imetoboka juu ya ekseli ya nyuma. Mwenye gari anadhani rangi ilikuwa mbovu, au fundi alimdhulumu. Mara nyingi kosa si la rangi wala si la fundi. Rangi ilipakwa juu ya chumvi, tena ilipakwa nje peke yake, na chesisi ya Prado, Surf, Land Cruiser, Escudo ya zamani au Defender ni boksi lenye uwazi ndani. Huliwa kama nguzo iliyoingiwa na mchwa: nje nzima, ndani tupu.

Injini za magari haya si tatizo kubwa. Dizeli ya Toyota ikibadilishwa oili kwa wakati hudumu miaka mingi, na gia boksi na difu zinafungulika na kutengenezeka. Kinacholimaliza gari visiwani ni chesisi, kwa hiyo mwongozo huu unashughulika na chesisi.

Mwenye RAV4 asome pia, ila ajue gari lake halina chesisi iliyo mbali na bodi. Kwake yeye mahali pa kutazama ni mabati ya chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, na fremu ndogo inayoshika magurudumu ya nyuma. Hatua za kuosha, kukausha na kupiga nta ni zile zile.

## Chagua msimu kwanza

Kazi hii inataka siku kavu zinazofuatana. Januari na Februari zinafaa, na pia kuanzia Juni mvua za masika zikishakatika. Usijaribu Aprili, hata ukipewa bei nafuu.

Kuna jambo moja la upepo. Kusi likivuma, marasharasha ya bahari hufika nyumba za Paje, Jambiani na Makunduchi. Kwa wakaazi wa pwani ya mashariki, kazi ya miezi hiyo ipelekwe ndani ya kisiwa, Tunguu au Dunga au Mwera, gari likae huko mpaka rangi ishike. Ukipaka rangi ufukweni wakati wa kusi, chumvi inatua juu ya chuma kabla hujapaka mkono wa pili.

## Vitu vya kutayarisha

Vikusanye vyote kabla hujainua gari. Kazi hii huharibika pale mtu anapokwama katikati akingoja kitu kutoka Dar es Salaam, na chuma kiko wazi.

- Jeki madhubuti, stendi nne za chuma, na magogo ya kuzuia magurudumu
- Nyundo ndogo, bisibisi kuukuu yenye ncha, chaki na tochi
- Maji matamu ya kutosha na mashine ya kuoshea yenye presha
- Bomba jembamba la plastiki la mita 2 hivi, la kuingia ndani ya chesisi
- Grinda yenye brashi ya waya, brashi ya mkono, patasi ya kubandulia magamba, msasa
- Miwani ya kukinga macho, glovu nzito, barakoa ya vumbi
- Dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki au tanini
- Praima ya epoksi ya makopo mawili, pamoja na tina yake
- Rangi ya juu ya epoksi, au rangi ngumu ya chesisi
- Nta ya kuzuia kutu ya ndani ya maboksi, lita 4 hivi kwa gari kubwa
- Bunduki ya kupulizia yenye mpira mrefu, na kompresa

Kama huna kompresa, zungumza na fundi wa pancha wa jirani. Utaihitaji mara mbili, wakati wa kukausha na wakati wa kupiga nta.

Bajeti ikiwa ndogo, punguza kwenye rangi ya juu. Nta na praima usizipunguze.

## Hatua ya 1: Gonga kabla hujanunua rangi

Weka gari juu ya sakafu ya saruji. Kwenye mchanga au udongo jeki huzama na stendi huinama. Zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, inua nyuma, weka stendi mahali chuma kilipo kizima. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuchungulia tu.

Sasa gonga kwa nyundo, kiganja kwa kiganja, mhimili wote wa kulia, yaani boksi refu la chesisi la upande huo, kisha wa kushoto, kisha mihimili iliyokingama. Chuma kizima hutoa mlio mkali na nyundo hurudi juu yenyewe. Kilicholiwa hutoa mlio mfu, nyundo hukaa pale pale, na magamba huanguka. Penye mlio mfu chokoa kwa bisibisi. Ikizama, umepata tundu lililokuwa likikungoja.

Usiogope kugonga kwa nguvu. Chesisi inayotobolewa na nyundo ya mkono isingestahimili shimo la barabara.

Kila gari lina mahali pake:

Prado na Surf huanza kuliwa pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na pale mikono ya chini ya ekseli inapofungwa. Udongo hulala juu ya mpindo huo na hauonekani mpaka ulale chali na tochi.

Land Cruiser za springi za majani, zile za 70, tazama vishikio vya springi, hasa vya nyuma, na mhimili ulio juu ya tangi la mafuta.

Escudo za miaka ya 1990 tazama nyuma ya magurudumu ya nyuma na mabati ya chini ya milango.

Defender ina bodi ya alumini, na hapo wengi hujidanganya. Alumini haishiki kutu, lakini chesisi yake ni chuma, na mhimili wa mwisho wa nyuma ndio wa kwanza kwenda. Tazama pia pale alumini inapogusana na chuma. Kukiwa na maji ya chumvi katikati, alumini ndiyo inayoliwa, inatoa unga mweupe na rangi inavimba.

Weka alama kwa chaki: duara penye kutu ya juu, X palipozama au kutoboka. Piga picha.

X mbili tatu kwenye mihimili iliyokingama zinatengenezeka. X zikizunguka stelingi boksi, au zikiwa pande zote mbili pale ekseli inapofungwa, ushauri wangu ni kusimama hapo hapo. Fedha hiyo itafute chesisi nyingine iliyo nzima yenye karatasi zake, au gari jingine. Nimeona watu wakiweka kiraka juu ya kiraka kwa mapenzi ya gari, na mwisho familia nzima inapanda kitu kisichoaminika.

Hapa hapa niseme neno kwa anayetaka kununua. Gari kutoka Japani laweza kufika bandarini Malindi likiwa na kutu tayari. Mikoa ya theluji kama Hokkaido hunyunyiziwa chumvi barabarani wakati wa baridi. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Omba picha za chini ya gari kabla hujatuma hata senti, na muuzaji asiyetaka kuzitoa muache.

Umefaulu ukiwa na: ramani ya chaki ya chesisi yote, na uamuzi wa kuendelea au kuacha.

## Hatua ya 2: Toa chumvi, ndani na nje

Kati ya hatua zote hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwa sababu hiyo kazi nyingi hufa hapa.

Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe bila kumwagiwa maji, na usiku wa visiwani huvuka kiwango hicho mara kwa mara. Kwa hiyo gari lililosimama wiki nzima bila kuguswa, ndani ya banda, bado linaliwa. Ukifunika chumvi kwa rangi, unyevu hupenya taratibu, huifikia, na rangi huvimba kutoka chini.

Kwanza ujue maji unayotumia. Visima vingi vya karibu na ufukwe vina chumvi. Yaonje kwa ulimi, na ukihisi chumvi hata kidogo usiyatumie. Ni ajabu mtu kuosha gari Jambiani kila Ijumaa kwa bidii na kuliongezea chumvi kila Ijumaa. Tumia maji ya bomba ambayo ni matamu, au ya mvua uliyoyakinga kwenye tangi. Maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote.

Osha nje kwa presha na sabuni ya maji. Elekeza mdomo wa mashine juu ya mpindo wa nyuma, nyuma ya matao ya magurudumu, juu ya tangi, na ndani ya vishikio vya springi. Udongo mwekundu wa Pemba hung'ang'ania pale na kushika maji siku nyingi. Uchokonoe kwa kijiti kwanza, uujaze maji, subiri ulainike, ndipo upige presha.

Kisha ingia ndani ya chesisi. Chukua lile bomba la plastiki, ziba mwisho wake kwa kuuchoma moto na kuubana, halafu toboa matundu madogo kuzunguka sentimita 10 za mwisho. Unganisha na mpira wa maji. Lipitishe kwenye matundu ya chesisi, lisukume hadi mwisho, fungua maji, na ulivute polepole ukilizungusha.

Kabla ya hapo zibua matundu ya kutolea maji yaliyo upande wa chini wa mihimili. Huziba kwa mchanga na magamba, na boksi lote linageuka birika. Tumia waya mnene.

Maji ya mwanzo yatatoka ya kahawia, na kama gari limekuwa likishuka ufukweni utaona mchanga mweupe. Endelea mpaka yatoke meupe. Acha gari siku moja, kisha rudia yote. Chumvi iliyojificha ndani ya vinyweleo vya kutu haitoki kwa mkupuo mmoja, inahitaji muda wa kuyeyuka.

Umefaulu ikiwa: katika safari ya pili maji yanatoka meupe tangu mwanzo, na kila tundu la chini linatiririsha.

## Hatua ya 3: Kausha

Siku mbili hadi tatu za jua, gari likiwa limeinuliwa upande mmoja kidogo ili maji yaelekee kwenye matundu. Siku ya mwisho puliza upepo wa kompresa ndani ya mihimili. Funga kitambaa kikavu kwenye waya, kipitishe ndani, kitoe. Kikitoka kikavu, songa mbele.

## Hatua ya 4: Bandua kutu

Magamba manene yabandue kwa patasi na nyundo kabla ya kuwasha grinda. Brashi ya waya hung'arisha gamba likaonekana kama chuma, na chini yake kutu inaendelea.

Kisha piga brashi ya grinda. Miwani si hiari, kwa sababu nyaya za brashi hukatika na kuruka. Cheche na petroli haviko pamoja: tangi likiwa karibu na unapofanyia kazi, litoe. Paipu za mafuta na za breki zifungue kutoka kwenye vishikio vyake na uzisogeze, la sivyo brashi itazikwangua.

Namba ya chesisi usiiguse kwa grinda. Kwenye magari mengi ya Toyota yenye chesisi imepigwa kwenye mhimili wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Isafishe kwa brashi ya mkono na mafuta ya taa, ikaushe, ipake grisi safi. Namba iliyofutika au iliyofunikwa na kiraka itakusumbua siku ya ukaguzi na siku ya kuuza.

Huhitaji chuma kiwe cheupe kama kisu kipya. Kutu nyembamba iliyoshikana na chuma inaruhusiwa kubaki kwenye vishimo. Magamba na unga hayaruhusiwi.

Sasa fanya kipimo hiki. Maliza kusugua jioni, acha usiku mmoja chini ya paa, pasipo mvua. Asubuhi tazama kwa tochi. Ukungu mwepesi wa rangi ya chungwa ulioenea sawasawa ni unyevu wa kawaida, utatoka kwa msasa. Lakini ukiona madoa meusi meusi yaliyolowa, hasa ndani ya vishimo, hayo ni makazi ya chumvi. Osha tena sehemu hizo kwa maji matamu na brashi, kausha, sugua. Rudia mpaka madoa yasitokee. Najua inachosha. Ila usiku huu mmoja ndio unaotenganisha rangi ya mwaka mmoja na rangi ya miaka.

Umefaulu ikiwa: chuma ni cha kijivu, kimeshikana, na asubuhi hakina madoa ya maji.

## Hatua ya 5: Kuchomelea palipotoboka

Kama huna X, ruka hatua hii.

Kiraka kinachobandikwa juu ya kutu ni kibaya kuliko tundu. Tundu unaliona, lakini kiraka kinafunga chumvi na maji katikati ya mabati mawili, na chuma kizima kilicho pembeni kinaanza kuliwa. Kwa hiyo sehemu mbovu ikatwe yote hadi kwenye chuma kizima, kisha kiwekwe chuma kipya chenye unene sawa na chesisi. Chesisi nyingi za magari haya zina unene wa milimita 3 hivi. Pima yako, usikubali bati la bodi.

Umbo la kiraka lina maana yake. Mstari wa kuchomelea usishuke wima kukata mhimili kutoka juu hadi chini, kwa sababu moto hudhoofisha chuma kando ya mstari, na mhimili utapasuka hapo hapo. Kingo ziende mshazari. Mstari uwe mzima kuzunguka kiraka chote. Vidonge vidonge vyenye nafasi katikati huingiza maji.

Mwambie fundi maneno haya kabla ya kupatana bei, kwa heshima: "Fundi, nataka ukate kibovu chote kwanza, unionyeshe chuma kizima, ndipo uweke kipya." Fundi mzuri atafurahi. Anayekwambia hakuna haja, mshukuru na utafute mwingine.

Tahadhari: toa waya hasi wa betri. Kama gari lina kompyuta ya injini, ichomoe. Tangi la mafuta litoke, raba na nyaya za karibu zisogezwe, na ndoo ya mchanga iwe mkononi. Nta isiwe imepigwa bado, kwani inashika moto.

Umefaulu ikiwa: ukigonga kiraka na chuma cha jirani, mlio ni mmoja.

## Hatua ya 6: Dawa, praima, rangi

Dawa ya kutu ipakwe palipobaki kutu tu. Ya tanini hugeuza kutu kuwa nyeusi, na ya fosforiki huacha utando wa kijivu. Chuma safi kinachong'aa hakihitaji dawa hiyo, kinahitaji praima. Soma kopo: nyingine zataka kusuuzwa zikishakauka, nyingine hazitaki. Vaa glovu, ni asidi.

Praima ya epoksi huchanganywa makopo mawili kwa kipimo kilichoandikwa. Usikisie kwa jicho. Mchanganyiko usio sawa hubaki unanata wiki nzima na hauna dawa zaidi ya kukwanguliwa.

Paka kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa mchana. Mapema zaidi chuma kina umande, na jioni umande unarudi kabla rangi haijashika.

Anza na kingo, pembe, mistari ya kuchomelea na vichwa vya bolti, kwa brashi. Rangi inapokauka hujivuta kutoka kwenye kingo na kuziacha nyembamba, na kutu huanzia kwenye kingo. Zikishapata mkono wao peke yao, ndipo upake eneo lote. Mikono miwili ya praima, kisha miwili ya rangi ya juu, ukifuata muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kopo.

Lami nzito ya kupaka chini ya gari siipendi kwenye chesisi. Ikizeeka hupasuka, maji ya chumvi huingia nyuma yake, na hutaona chochote mpaka chuma kimekwisha. Ndani ya matao ya magurudumu, juu ya praima iliyokauka, inasaidia dhidi ya mawe. Kwingineko iache dukani.

Umefaulu ikiwa: baada ya wiki unabandika tepu juu ya rangi, unaibandua kwa nguvu, na hakuna kinachotoka nayo.

## Hatua ya 7: Nta ndani ya maboksi

Rangi ya nje ndiyo inayosifiwa, lakini nta ya ndani ndiyo inayoongeza maisha ya gari. Ndani ya mhimili hupapigiki brashi wala msasa. Unachoweza kufanya ni kuosha, kukausha, na kujaza kitu kinachotambaa kwenye kila mshono na kuzuia hewa na maji.

Piga siku ya jua kali, saa za mchana, chuma kikiwa na joto, ili nta itambae. Ingiza mpira wa bunduki hadi mwisho wa mhimili, fyatua, vuta polepole. Fanya kutoka mbele, kisha kutoka nyuma. Endelea mpaka nta idondoke kwenye matundu ya chini. Ikishatulia, pitisha waya kwenye matundu hayo yasizibe.

Usisahau mabati ya chini ya milango, sehemu ya chini ya milango yenyewe, na mlango wa nyuma unaobeba tairi la spea. Linda diski za breki na ekzosi kwa mifuko ya plastiki. Nta kwenye breki ni hatari, na kwenye ekzosi inatoa moshi na yaweza kuwaka.

Kama nta haipatikani, oili mpya nzito ya gia iliyopulizwa ndani inasaidia, lakini itabidi irudiwe kila miezi sita.

Oili chafu, hapana. Najua imezoeleka, na najua ni bure. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi za moshi, maji na unga wa chuma. Huvimbisha bushi za raba. Hudondoka, na ardhi yetu ya mawe ya matumbawe hupitisha kila kitu haraka kwenda chini, huko huko tunakochota maji ya kunywa. Pia ni sumu kwa ngozi ya anayeipaka.

Wavuvi huniuliza kuhusu zinki za boti. Zinki hulinda chuma kilichozama pamoja nayo ndani ya maji ya bahari, kwa sababu maji ndiyo yanayobeba umeme kati yao. Gari linalotembea hewani halina njia hiyo, na zinki uliyoifunga kwenye chesisi inalinda mahali ilipokaa tu.

Umefaulu ikiwa: kila tundu la chini limetoa nta, na tochi ikiingizwa ndani inaonyesha utando usiokatika.

## Hatua ya 8: Vitu vya pembeni, gari likiwa bado juu

Paipu za breki za chuma huliwa zikiwa zimejificha juu ya tangi. Zipitishie kidole. Zikiwa na mikwaruzo ya kutu yenye vishimo, badilisha kwa za shaba yenye nikeli, ambazo hazishiki kutu. Maji ya breki hunyonya unyevu, yabadilishwe kila miaka miwili. Yasidondoke kwenye rangi yako mpya, yanaibandua.

Nyaya za ethi: fungua pale zinapogusa bodi na chesisi, sugua, funga, paka grisi. Matatizo mengi ya taa na stata kwenye magari ya pwani yako hapo, na watu hununua altaneta bure.

Difu zina mpira wa kupumulia. Difu ya moto ikizama majini hupoa ghafla na kuvuta maji ndani kama mpira umeziba au umekatika. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, imwage yote leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Bolti ulizofungua zirudishe na grisi ya shaba. Utanishukuru siku ya kuzifungua tena.

## Hatua ya 9: Matunzo ya mwaka mzima

Ratiba ifuate matumizi ya gari lako, kalenda ni ya kukumbusha tu.

Gari likishuka ufukweni, likivuta boti, au likivuka na meli kati ya Unguja na Pemba, lioshwe chini siku hiyo hiyo, kabla chumvi haijakauka. Ukifika Mkoani au Wete, tafuta maji matamu kabla ya kufikiria safari ya Konde.

Gari linalobeba mwani mbichi, samaki au dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi liko katika hali mbaya kuliko linalopita ufukweni, kwa sababu maji yanamwagika kutoka ndani, yanapita chini ya zulia na kukaa kwenye mishono. Toa mazulia kabisa. Weka trei nzima ya plastiki yenye kingo, na osha sakafu kila siku ya kazi.

Barabara za mawe hubandua rangi. Kila mwezi lala chini na tochi, na palipobanduka paka praima kwa brashi ndogo.

Lisimame kwenye saruji au changarawe penye upepo. Turubai linalofunika gari hadi chini hufungia unyevu, na banda lisilo na hewa ni hivyo hivyo.

Rejeta isijazwe maji ya kisima. Maji yetu yana chokaa nyingi, huganda ndani ya rejeta na injini ikachemka. Tumia kulenti, na ukilazimika kuongeza maji njiani, ongeza ya mvua.

Nta ya ndani itazamwe kila mwaka kabla ya masika, yaani Februari, na iongezwe palipokauka. Siku hiyo chukua tena nyundo na chaki, linganisha na picha za mwaka uliopita. Mlio mfu ukirudi mahali pale pale ulipokwisha patengeneza, usikimbilie kopo la rangi. Chumvi ilibaki. Rudi hatua ya 2, uanze na bomba la maji ndani ya mhimili.